Mswada Uliongoja Miaka 35: Kitereza na Baraza Ambayo Riwaya Haikuwa Nayo

Mshairi wa Kiswahili hajapata kuwa mpweke. Akitunga, yupo wa kumjibu. Akipungukiwa na mizani, yupo wa kumhesabia. Akifumba fumbo, yupo wa kulifumbua. Hata asipolipwa senti moja, na hata diwani yake isipochapishwa maishani mwake, sauti yake huwafikia wenziwe, nao humrudishia yao. Mwandishi wa riwaya hakujaliwa hivyo. Yeye hukaa na mswada wake mwaka na miaka, akiandika sura ambazo hakuna aliyeziomba, na siku anapoweka nukta ya mwisho ndipo anapoanza kazi iliyo ngumu zaidi: kumtafuta mtu wa kuusoma.

Mimi ni mtu wa hadithi, na mahali ninapoandikia ni Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mkoa wetu ni mchanga. Uliundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Shinyanga na Mwanza, ukapewa jina la mto unaomwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, ndani ya Ziwa Victoria. Tunajulikana kwa pamba na ng'ombe. Nyumba nyingi za kuchapisha vitabu ziko Dar es Salaam, na mtu wa huku anayetaka kuchapishiwa riwaya hujifunza mapema maana ya kungoja. Kungoja huko ndiko kulikonifanya nirudi nyuma katika historia na kuuliza: waliotutangulia walingoja vipi, na walingoja pamoja na nani?

Jibu nililolipata linawahusu zaidi washairi kuliko watu wa hadithi, na ndiyo sababu nimeona vema nilieleze hapa, mbele ya washairi.

Uwanja wa Bagika na Bagalu

Kabla ya magazeti na kabla ya shule, Usukuma ulikuwa na jumuiya zake za watunzi. Mkubwa wa hadithi hiyo ni ushindani wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo asili yake huelezwa kwa majina ya waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Manju aliyetaka nyimbo zake zisikike hakusimama peke yake. Alikuwa wa upande huu au wa upande ule, na upande wake ulimlea, ukampa waitikiaji, ukampa dawa za mvuto, na zaidi ya yote ukampa hasimu.

Hasimu ndiye aliyekuwa mhariri. Baada ya mavuno, kiangazi kilipowapa watu nafasi, vikundi viwili vilikutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakukuwa na haja ya waamuzi wenye kalamu. Watazamaji walihama kwa miguu yao. Wimbo uliopwaya uliachwa ukiimbwa mbele ya vumbi, na wimbo uliokaza ulizungukwa na umati. Manju aliyeshindwa alirudi nyumbani akijua ni ubeti gani uliomwangusha, maana aliwaona watu wakiondoka alipofika pale.

Tena ngoma hizo hazikuwa peke yake. Walikuwapo Bayeye, watu wa nyoka, na Banunguli, wawindaji wa nungunungu, na vyama vya kulima ambavyo vilifanya kazi ya jembe kwa nyimbo. Frank Gunderson, mwanamuziki na mtafiti wa Kimarekani, alizikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzitolea kitabu mwaka 2010. Anayekisoma huona jinsi utunzi ulivyofungamana na kundi: mtunzi alikuwa na watu wake kabla ya kuwa na wimbo wake.

Naitaja ngoma kwa sababu mara nyingi tunadhani kwamba huku bara fasihi ilianza siku kitabu kilipofika. Baraza ya watunzi ilikuwapo. Tatizo ni kwamba baraza hiyo iliwafaa watu wa wimbo, na simulizi ndefu ilibaki motoni, kwa bibi, mikononi mwa watoto waliosinzia kabla ya mwisho.

Gazeti lililokuwa kibaraza

Januari 1923, Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililochapwa Dar es Salaam. Lilikuwa gazeti la watawala, na lilibeba habari walizozitaka watawala. Hata hivyo wasomaji walilifanyia jambo ambalo halikuwa katika mpango: waliligeuza kuwa kibaraza cha washairi. Karani wa wilaya, mwalimu wa shule ya vijijini, mfanyabiashara mdogo mwenye duka kando ya reli, wote waliweza kutuma shairi kwa posta na kulikuta gazetini. Mwezi uliofuata, mtu asiyemjua, wa mji asioufikia, alimjibu kwa vina vilevile.

Shaaban Robert, mzaliwa wa upande wa Tanga mwaka 1909, mtumishi wa serikali kwa kazi na malenga kwa kipawa, alikua katika kibaraza hicho. Jina lake lilijulikana kwa wasomaji wa magazeti kabla vitabu vyake havijaenea. Mwaka 1954 Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi pamoja na diwani yake, na kwa hiyo kanuni ambazo watu walikuwa wakizishika kwa masikio zikapata kuandikwa. Mwaka 1959 kikaundwa chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, UKUTA, ambacho Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alikipa nguvu kubwa. Ngonjera zake zilitolewa vitabuni kwa jina la chama hicho mwanzoni mwa miaka ya 1970. Saadani Kandoro, mshairi mwingine wa Ujiji, alikuwa huku Kanda ya Ziwa katika harakati za siasa za miaka ya 1950, na alibeba ushairi na siasa katika mfuko mmoja.

Angalia mpangilio huo. Kwanza mahali pa kusikiana, kisha kanuni, kisha chama, kisha vitabu. Vitabu vilikuja mwisho, na vilipokuja vilikuta wasomaji wanangoja.

Sasa mtazame Shaaban Robert huyohuyo akiwa mwandishi wa nathari. Kusadikika ilitoka mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, na hizo zote ni kazi fupi. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, miaka 5 baada ya kifo chake. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968. Mtu aliyekuwa na baraza pana kuliko mshairi yeyote wa zama zake aliacha hadithi zake ndefu nyuma yake, zikachapishwa yeye akiwa kaburini. Shairi huenea katika nusu ukurasa wa gazeti. Riwaya haienei popote isipokuwa katika kitabu, na kitabu kinahitaji mtu wa kuweka fedha. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Shaaban, je, ingekuwaje kwa mtu wa kisiwani ambaye lugha yake husemwa na watu wachache?

Kagunguli, 1945

Kutoka ufukwe wa Wilaya ya Busega, magharibi mwa mkoa wetu, maji unayoyaona ni ya Ghuba ya Speke. Ng'ambo yake kuna Ukerewe. Huko alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa. Alisomeshwa na mapadre wa White Fathers, kwanza misheni ya Kagunguli na kisha seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini na lugha nyingine. Hakuwa padre. Alirudi katika maisha ya kawaida, akafunga ndoa na Anna, akafanya kazi za mikono ya watu wengine, na hatimaye akawa mtu wa kutegemewa na misheni katika mambo ya lugha na tafsiri.

Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, ambao hawajapata mtoto. Ndugu wanataka ndoa ivunjwe. Mume anakataa. Wanahangaika na waganga, wanahangaika na wakwe, na kwa njia ndefu ya kilimo, uvuvi, pombe, magonjwa na maombolezo, wanapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Kitereza alitaka vijana wa Ukerewe wasiisahau namna wazee wao walivyoishi, kwa hiyo aliandika kila kitu: jinsi mtumbwi unavyoundwa, jinsi mgeni anavyokaribishwa, jinsi mkwe anavyoombwa radhi. Anayejua kwamba yeye na Anna hawakubakiwa na mtoto, na kwamba hawakuachana, huisoma hadithi hiyo kwa sauti ya chini zaidi.

Hapa ndipo swali langu linapopata uzito. Mwaka huo wa 1945, mshairi wa Tanganyika mwenye beti 8 alikuwa na pa kuzipeleka. Kitereza alikuwa na riwaya nzima na hakuwa na pa kuipeleka. Hakukuwa na gazeti la kuichukua. Hakukuwa na chama cha watu wa hadithi. Hakukuwa na mwandishi mwenzake wa riwaya ambaye angemwandikia kusema, sura yako ya tatu inachelewa kufika, au, mama mkwe huyu nimemjua, ni shangazi yangu.

Alikuwa na mtu mmoja. Padre Almas Simard, Mkanada wa misheni, alimtia moyo, akaisoma kazi, akaanza kuitafsiri kwa Kifaransa kwa matumaini kwamba huko ng'ambo itapata mchapishaji. Simard akafariki bila kuiona imetoka. Kwa mtu mwenye msomaji mmoja, kifo cha msomaji huyo ni kufungwa kwa baraza nzima. Mswada ukarudi kuwa karatasi.

Miaka ikapita. Tanganyika ikapata uhuru, ikaungana na Zanzibar, Kiswahili kikawa lugha ya taifa. Kisha, mwaka 1968 na 1969, wakaja Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald Hartwig, aliyekuwa akiitafiti historia ya Wakerewe na biashara ya masafa marefu, na mkewe Charlotte. Walikutana na mzee wa zaidi ya miaka 70 mwenye kumbukumbu kubwa na mswada mkubwa. Wakawa wasomaji wake. Mwaka 1972 waliandika makala kumhusu katika jarida la utafiti wa fasihi za Kiafrika, na kwa mara ya kwanza ulimwengu wa wasomi ukasikia kwamba kisiwani Ukerewe yupo mwandishi wa riwaya.

Lakini wachapishaji hawakuona soko la kitabu kinene cha Kikerewe. Njia ikabaki moja: Kiswahili. Na Kitereza, katika umri ambao watu hupumzika, alikaa chini akaitafsiri riwaya yake yote kwa mkono wake mwenyewe. Kitabu kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980 kwa jina refu linalowataja wote wanne: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata, 1981, Kitereza alifariki.

Toka 1945 hadi 1980 ni miaka 35. Baada ya hapo njia ikafunguka. Wilhelm Möhlig aliitafsiri kwa Kijerumani katika vitabu viwili, mwaka 1991 na 1993. Tafsiri ya Kifaransa ikafuata mwaka 1996. Mwaka 2002 ikatoka ya Kiingereza, mikononi mwa Gabriel Ruhumbika, mwenyewe mwana wa Ukerewe na mwandishi wa riwaya za Kiswahili, na mchapishaji wake alikuwa Mkuki na Nyota, nyumba iliyoanzishwa na Walter Bgoya, ambaye kabla ya hapo ndiye aliyeiongoza Tanzania Publishing House wakati kitabu cha Kiswahili kinatoka.

Kazi ya wenzi

Watu wakisimulia habari za Kitereza husifu subira yake. Mimi naona sifa hiyo, ingawa ni ya haki, inaficha jambo. Subira haikuuchapisha mswada. Kati ya kufariki kwa Simard na kufika kwa akina Hartwig, Kitereza alikuwa na subira ileile, na hakuna kilichotokea. Kilichouondoa mswada kabatini ni wasomaji: mmoja, kisha wawili, kisha mhariri, kisha watafsiri. Kila mmoja wao alifanya kazi ndogo ambayo mwandishi hawezi kujifanyia: kusoma kwa jicho la mtu mwingine na kwenda kumwambia mtu wa tatu.

Kwa hiyo swali ambalo mwandishi wa Bariadi, Maswa au Meatu anapaswa kujiuliza linatangulia lile la mchapishaji. Aulize kwanza: nani ananisoma wakati ningali nangoja?

Ukerewe yenyewe inatupa mfano wa pili, na huo unaithibitisha hoja kwa njia ya kinyume. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, mwaka mmoja kabla ya Kitereza kuweka kalamu chini. Naye alipitia seminari, ya Nyegezi, Mwanza. Lakini yeye alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akakuta walimu, wanafunzi wenzake, mijadala ya fasihi na njia ya kuwafikia wachapishaji. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, yeye akiwa na miaka 27. Kisiwa ni kilekile, na misingi ya elimu inafanana. Kitereza alikuwa na miaka 84 hivi kitabu chake kilipotoka. Kipawa peke yake hakielezi tofauti ya miaka hiyo yote.

Hata hivyo nisije nikaipaka jumuiya asali tupu. Mwaka 1974 Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na baraza ya washairi ikamgeukia. Wengi walisema kwamba alichoandika si shairi. Mabishano yakawaka miaka mingi kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, nao Mulokozi na Kahigi, katika Malenga wa Bara mwaka 1976, wakayaweka mashairi ya namna zote mbili katika diwani moja. Ukuta unaozuia upepo huzuia pia mgeni. Jumuiya yenye kanuni kali humlea anayefanana nayo na humfukuza anayekuja na jambo jipya. Mwandishi anayejiunga na wenzake ajue kwamba anaingia mahali pa kulelewa na pa kubishiwa, na kwamba mara nyingine haki iko kwake na mara nyingine iko kwao, wala hakuna anayemnong'oneza ni mara ipi.

Hadithi zapata baraza

Riwaya ya Kiswahili ilipata hatimaye kitu kinachofanana na Mambo Leo ya washairi, nacho kilikuja kupitia hadithi za kuendelea magazetini. Eric Shigongo, mzaliwa wa Kanda yetu ya Ziwa, alijenga jina lake kwa riwaya zilizotolewa kipande kwa kipande katika magazeti yake. Watu walinunua gazeti wiki hii ili wajue yaliyompata mhusika wiki iliyopita. Wahakiki wengi walizibeza kazi hizo. Lakini kwa upande wa historia ninayoieleza, zilileta jambo kubwa: mwandishi wa hadithi ndefu alianza kusikia pumzi ya msomaji kabla hajafika mwisho.

Simu ya mkononi imeendeleza hilo. Nami nimejiunga na kundi la waandishi wa hadithi wanaokutana kwa njia hiyo, kila mtu akiwa kwao: yuko wa Pemba, yuko wa Mombasa, yuko wa Kigoma, na sisi wa Simiyu tuko wawili. Desturi yetu ni nyepesi. Kila Jumamosi mmoja hutoa sura, na hadi Jumatano wengine wote wawe wamejibu. Kujibu ni sharti. Asiyejibu sura za wenzake, sura yake haipangiwi siku.

Wakati najiunga, mswada wangu ulikuwa umekaa kwa mchapishaji mmoja kwa miezi 14 bila jibu. Kundi halikuleta jibu hilo. Lililoleta ni maswali. Katika sura yangu ya kwanza mama anamfungia mwanawe matobolwa kwa safari. Huku kwetu hakuna asiyejua kwamba michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, na matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Mwenzetu wa Pemba akauliza matobolwa ni nini. Wa Mombasa akasema nitie maelezo. Yule mwingine wa Simiyu akakataa katakata: maelezo yataufanya mkono wa mama uwe mkono wa mwalimu. Walibishana siku tatu. Mwisho wa Kigoma akatoa shauri: mwache kijana ale ndani ya basi, msomaji asikie ugumu wake menoni na utamu wake baadaye. Nikafanya hivyo, na neno la kwetu likabaki bila mabano wala tafsiri.

Baada ya hapo niliirudia riwaya ya Kitereza kwa jicho jingine. Alipoitafsiri kwa Kiswahili alikuwa akijadiliana peke yake, neno kwa neno, juu ya kipi cha Kikerewe kivuke ghuba na kipi kibaki. Kiswahili chake kina harufu ya kisiwa, na mtu wa pwani hukwama hapa na pale. Mimi nilipata wabishi wanne kwa neno moja. Yeye alikuwa na maelfu ya maneno. Huwa nawaza angeandika nini tena, katika miaka hiyo 35, kama Jumamosi moja moja angekuwepo mtu wa kumwuliza.

Tuzo nazo zimeongezeka. Mwaka 2014 ilianzishwa Tuzo ya Mabati-Cornell kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, na mwaka 2022 ikazinduliwa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Zote mbili hupokea miswada ambayo haijachapishwa, na kwa mwandishi wa mkoani hiyo ni milango ambayo Kitereza hakuwa nayo. Lakini tuzo humwona mwandishi siku moja katika mwaka, tena huwaona wachache. Mwaka una siku nyingine, na waandishi ni wengi.

Tunachowaomba washairi

Ndugu zangu washairi, ninyi mnayo mambo ambayo watu wa hadithi hatukurithi, nasi tunayahitaji.

La kwanza ni kujibu. Kwenu shairi lisilojibiwa ni kama salamu iliyoachwa hewani. Kwetu, mtu anaweza kumpa rafiki mswada na rafiki akakaa nao mwaka mzima, wala asionekane kuwa amekosa adabu. Tufundisheni aibu hiyo.

La pili ni kuhesabu. Ninyi hamwambiani tu kwamba shairi ni zuri. Mnaambiana mshororo upi umepungua na kina kipi kimelegea. Hadithi nayo ina mizani yake, ingawa haihesabiki kwa vidole: mahali inapokawia, mahali mhusika anaposema maneno ya mwandishi, mahali msomaji anapohama kama watazamaji wa Bagika na Bagalu. Msomaji anayeweza kuonyesha mahali hapo ana thamani kuliko kumi wanaosifu.

La tatu ni kutunza. Mashairi ya wazee yametufikia kwa sababu yupo aliyeyanakili, aliyeyahifadhi moyoni, aliyeyapeleka mji wa pili. Miswada ya hadithi hufa na simu iliyoibwa au sanduku lililoliwa na mchwa.

Hakika Simiyu haijakosa hadithi. Ninajua walimu wa shule za msingi wenye madaftari yaliyoandikwa pande zote mbili, na fundi cherehani mmoja ambaye riwaya yake iko nyuma ya vitabu vya vipimo vya wateja. Pengine hata wewe, popote ulipo, unamjua mtu wa namna hiyo. Usimwulize kitabu kitatoka lini, kwani hilo hana jibu lake. Mwombe sura ya kwanza. Isome, umjibu kabla ya Jumatano, kisha umwombe ya pili.